Sura ya Saba: Vidole Vitatu

Picha iliingia kwenye kundi letu la mtandaoni saa mbili na nusu asubuhi, mlango wa duka nikiwa nimeufungua nusu.

Ilikuwa Crown nyeupe, imesimama kwenye taa za Msimbazi, imepigwa kwa ubavu na mtu aliyekuwa juu ya bodaboda. Chini ya picha ameandika: "Wajumbe, huyu si mwalimu wetu Mtu wa Kilwa? Mbona leo amevaa viatu virefu?"

Vicheko vikaanza kumiminika. Kundi letu hilo, Kijiwe cha Mashine, lina watu zaidi ya mia tisa, na wengine wanayapenda magari kuliko wanavyowapenda wake zao. Wamegombana humo juu ya mafuta, buti, breki na bei ya spea, lakini hakuna ugomvi uliodumu kama ule wa kunyanyua magari. Unachukua gari lililozaliwa chini, unaliwekea spesa, yaani kipande cha chuma cha mviringo, juu ya shokapu, gari linainuka, nawe unapita kwenye mawe bila kukwangua tumbo. Kaka yangu Hillary, anayejiita humo Mzee wa Kibosho, ndiye jemadari wa wanyanyuaji. Mpinzani wake ni Mtu wa Kilwa, ambaye aliwahi kuandika maneno yanayonakiliwa mpaka leo: "Aliyelichora gari akalishusha hakuwa amelewa. Ukilinyanyua umehamishia uzito juu, na siku ya kona litakuuliza ulimshirikisha nani."

Mtu wa Kilwa ni Nassibu. Na Nassibu ni wangu, sitaki kuzungusha maneno.

Tulikutana hapa hapa kwenye duka letu la spea, mtaa wa Gerezani, mwaka jana mwezi wa nne. Alitoka bandarini, kazi yake ni kuwatolea watu magari yanayoshuka melini, akaja kutafuta pedi za breki. Nikatoka nje kulitazama gari lake, nikaingiza mkono kati ya tairi la mbele na bodi. Vikaingia vidole vitatu, cha nne kikagoma.

"Vidole vitatu," nikamwambia. "Hili gari halijaguswa."

Akautazama mkono wangu muda mrefu kuliko alivyolitazama gari. "Na mwenye vidole," akasema, "ameguswa?"

Nilipaswa kumfukuza. Badala yake nikampunguzia bei ya pedi, na jioni ile nikajikuta nayasoma maandishi yake yote ya kwenye kundi kuanzia juu kabisa. Tangu siku hiyo, kila tukiagana, ananyoosha vidole vitatu dirishani. Ndiyo salamu yetu.

Basi asubuhi ile niliikuza picha kwa vidole hivyo hivyo. Mwanya kati ya tairi na bodi ulikuwa mkubwa. Pale ungeingia mkono mzima.

Mtu mwingine angecheka kama walivyocheka mia tisa. Mimi nilishindwa kwa sababu ya kitu kilichokuwa chini ya kaunta. Siku tano nyuma Fikirini, fundi wa kuchonga vyuma mwenye banda kichochoro cha nyuma, alikuja kutafuta bolti. Gerezani huji kununua kwa maneno, unakuja na sampuli mkononi ili tulinganishe. Yeye alileta nusu ya spesa, iliyokatika.

"Ilikatika wakati naibana kwenye jiliwa," alisema. "Nipe bolti ndefu za kutosha unene huu."

Nikampa bolti. Sampuli akaisahau. Baadaye nikaichukua, nikaona ilivyo nyepesi, nikaigonga kwenye kaunta ikatoa mlio wa bakuli. Pale ilipokatika ilikuwa na chembe kubwa kubwa kama sukari. Ile haikuwa chuma. Ilikuwa madini ya sufuria, yale yanayoyeyushwa kutoka kwenye vyombo vilivyotoboka. Nilijiambia nitamuuliza Fikirini ni ya gari gani, wateja wakaingia, nikasahau. Bolti nilikuwa nimeshaziuza kwa mkono wangu.

Nikampigia Nassibu. "Uko wapi?"

"Nakuja kwako. Leo sikwenda kazini, namalizia maandalizi. Mama na mjomba wameshafika kutoka Kilwa."

Kesho yake alfajiri walikuwa waende Moshi, kwetu Kibosho, kuniposa mbele ya wazee. Hiyo ndiyo safari niliyoiombea mwaka mzima.

"Uje na gari," nikasema.

"Kwani huwa nakuja na ungo?"

Sikucheka.

Aliegesha mbele ya duka saa tatu kasoro kidogo. Alishuka ametabasamu, ameshika mfuko wenye kanzu mpya ya mjomba wake kutoka kwa fundi cherehani. Nikapita pembeni yake bila salamu, nikachuchumaa kwenye tairi la mbele na kuingiza mkono. Vidole vinne vikapita. Kiganja kikapita.

"Umenyanyua gari, Nassibu?"

"Mimi? Ile picha? Kapiga kutoka chini yule, ni pembe tu."

"Nimeingiza mkono, sijatazama picha."

Akauhamishia mfuko wa kanzu mkono wa pili. Mwanamume huyu hajawahi kuniongopea hata kuhusu foleni, akisema yuko Kamata ujue yuko Kamata, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu anatafuta uongo wa pili.

"Nimebadilisha springi," akasema.

"Spesa."

"Ritha."

"Nani amekuwekea?"

"Tusiongelee hapa barabarani."

"Tutaongelea hapa hapa. Kama unaweza kunidanganya juu ya gari, na unajua kwamba gari ndicho kitu ambacho huwezi kunidanganya, kesho ukinioa utanidanganya juu ya nini?"

Hapo akakasirika. Hasira zake huanzia masikioni, yanakuwa mekundu. "Unataka ukweli? Haya. Baba yako alisemaje? Si ulinipigia mwenyewe ukanieleza? 'Kama ana la kusema, aje nyumbani na wakubwa wake, wafike mlangoni.' Mlangoni, Ritha. Nikamuuliza kaka yako hiyo njia ikoje. Akacheka, akasema kilomita mbili za mwisho ni mawe na matope, Crown yako utaiacha kwenye migomba. Mama yangu magoti hayapandi ngazi tatu. Nimwambie apande mlima kwa miguu, ameshika kanga, watu wa kwenu wamesimama barazani wanamtazama?"

Niliuona mlima ule, nikamwona mama wa watu.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nikuambie nini? Miaka miwili nawatukana watu wanaonyanyua. Ningeuliza kwenye kundi fundi gani mzuri? Hillary angenicheka mpaka Pasaka. Nikatafuta fundi kimya kimya."

Hapo ndipo hofu yangu ilipopata miguu. Kijiwe kizima kina watu wanaojua ni fundi gani anachonga chuma safi na yupi anababaisha. Angeuliza swali moja tu, angejibiwa na watu hamsini. Lakini alikuwa ameshinda ubishi kwa kelele nyingi mno hata akakosa pa kuuliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Fundi ni Fikirini?" nikauliza.

"Umejuaje?"

Nikaingia ndani nikatoka na ile nusu ya spesa, nikamwekea kiganjani. Akaipima uzito. Nassibu si mtu wa kuelezwa mara mbili juu ya chuma. Uso ukampauka, na masikio yakapoteza wekundu wote.

"Kata usukani kulia," nikamwambia.

Akakata. Nikalala ubavu kwenye vumbi na gauni langu, nikawasha tochi ya simu, nikamulika juu ya shokapu. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu nikauona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la bolti, umetambaa mpaka ukingoni. Nilipousogelea, vumbi jeupe lilikuwa limetoka ndani yake.

"Zimekaa siku ngapi?"

"Nne."

"Umepita wapi na wapi?"

"Lami tu. Bandarini, hapa, nyumbani." Alikuwa amechuchumaa karibu yangu, sauti imeshuka. "Kesho ningekuwa na mama kiti cha mbele."

Nikatoka chini ya gari. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa ni Gerezani mchana kweupe, watu wamejaa, sikufanya lolote. Nilimshika tu mkono wa shati.

"Usiniongopee tena," nikasema. "Hata kwa kunipenda."

"Sitarudia."

"Apa."

"Wallahi sitarudia."

Tulikwenda kwa miguu kwa Fikirini, gari tukaliacha pale pale. Yeye ni mzee mpole wa Newala, mikono yake imejaa makovu ya cheche, na alipotuona wawili na ile sampuli mkononi mwangu, alizima mashine kabla hatujasema.

"Shikamoo, mzee Fikirini."

"Marahaba, mwanangu. Kuna tatizo?"

"Hii ni nini?" Nikaiweka juu ya meza yake.

Hakujitetea, nampa haki yake. Alisema wiki ile chuma cha duara cha unene ule kilikosekana mtaa mzima, wateja wana haraka ya safari za Desemba, akachukua madini ya kuyeyusha kwa jirani anayetengeneza sufuria. Alidhani yatahimili. Ilipokatika ile ya kwanza kwenye jiliwa alidhani ameikaza kupita kiasi.

"Ulitengeneza ngapi za namna hii?" Nassibu akamuuliza.

"Jozi mbili tu. Baada ya hapo chuma kikapatikana."

"Moja yangu. Nyingine?"

Fikirini alinitazama mimi, si yeye. "Hujui?" akasema. "Alinikataza nisikwambie, nikadhani mmeshaongea. Kaka yako. Juzi nilimfungia kwenye Premio ya mzee. Alisema baba asijue, anataka akifika nayo mpaka mlangoni apige picha, amkomeshe mtu fulani kwenye simu."

Nilishika ukingo wa meza na mafuta yakaniingia kwenye kucha.

Baba na Hillary walikuwa wameondoka asubuhi ile saa kumi na mbili. Mimi mwenyewe niliwapungia mkono. Premio ilikuwa imepakiwa mchele, mafuta ya kupikia, mabati, na juu ya keria godoro la kijani la bibi. Kwa mzigo ule gari lilikuwa limekaa chini, mwanya wa tairi umejifunika, na mimi ninayejidai kusoma magari kwa vidole sikuona kitu. Desemba Wachagga tunapanda Moshi tumebeba nusu ya Kariakoo.

Nikampigia baba. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata.

Nilijua kwa nini. Baba yangu, Mzee Theophil, hamchukii Nassibu kwa sura wala tabia. Anasema tu kwamba mtoto wake hatatoka kwenye kanisa la babu zake akafuate mtu wa pwani aliyekuja kununua pedi. Nassibu ameingia dukani mara tatu akamwamkia, "Shikamoo, mzee," na mara zote tatu baba ameinua miwani, akaifuta, akaivaa, akaendelea na kazi yake. Hajaitikia. Anayeijua nchi hii anajua hilo ni tusi zito kiasi gani. Na asubuhi ile, akiwa ameshafunga mkanda, aliniambia: "Ukinipigia njiani kumwombea huyo kijana, sipokei. Tutaongea Kibosho."

Nikampigia Hillary. Akakata. Ukaingia ujumbe: "Niko kwenye usukani. Habari za mtu wako zisubiri Krismasi. Baba amesema."

Nikaandika haraka, herufi zinanikimbia: "Spesa zitakatika simama." Haukusomwa. Nusu saa nyuma alikuwa ametuma picha kwenye kundi, daraja la Wami linaonekana kwenye kioo, na maneno: "Tumevuka Wami, mashine imetulia, mwendo mia. Leo kuna mtu atakula maneno yake."

"Mia," nikamsomea Nassibu. "Na mzigo wote ule."

"Nipe dakika moja."

"Unafanya nini? Mpigie wewe."

"Mimi ndiye kabisa hawatanipokelea."

Alikuwa ameshaliegemea banda la Fikirini, anaandika kwa vidole gumba viwili. Kwenye kundi vicheko vya asubuhi vilikuwa bado vinaendelea, mtu amechora Crown juu ya ngazi. Halafu maandishi yake yakatokea kwenye simu yangu, na nikayasoma nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Wajumbe, nisikilizeni kabla hamjacheka. Ni kweli nimenyanyua gari. Nilifanya kwa siri kwa sababu nimewatukana wote mnaonyanyua. Mama yangu hawezi kupanda mlima kwa miguu, nikataka afike mlangoni kwa watu kwa heshima. Spesa nilizowekewa ni za madini ya sufuria, moja imepasuka kwa siku nne. Jozi ya pili iko kwenye Premio ya rangi ya fedha, godoro la kijani juu ya keria, inaelekea Moshi, imeshavuka Wami. Yumo Mzee wa Kibosho na baba yake mzazi. Hawapokei simu. Aliye njiani awasimamishe kwa namna yoyote. Mkimaliza, nichekeni mpaka mwakani."

Vicheko vikakatika. Nilimtazama. Alichokuwa akikificha kwa siku nne, hata kwangu, amekimwaga mbele ya watu wote kwa ajili ya mwanamume asiyeitikia salamu yake. Nilimpenda pale kuliko siku yoyote, na nilijua kwamba baba akifia kwenye barabara ile, mapenzi haya hayatakuwa na pa kuishi. Nani angeamini kuwa hatukujua? Bolti za Fikirini zilitoka kwenye rafu yangu.

Jibu la kwanza likaja kutoka kwa Mwanne, dada anayeuza mafuta kituo kimoja baada ya Mandera. "Nimewawekea mafuta. Wameondoka robo saa iliyopita. Mzee alikuwa analalamika gari linavuta kushoto."

Nassibu alifumba macho.

Likaja la pili. Sadalla, dereva wa lori, yule ambaye kazi yake kundini ni kutuambia kwamba magari yetu yote ni vitoto. "Nimetoka Mkata sasa hivi nashuka Dar. Lazima tukutane uso kwa uso. Nazima simu."

Basi. Baada ya hapo hakuandika mtu.

Fikirini alituletea benchi, hatukukaa. Alikuwa amevua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili. Nilipiga simu ya baba, nikapiga ya Hillary, nikapiga ya baba. Zikawa hazipatikani zote mbili. Nassibu alisema ile sehemu mtandao huwa unakatika. Nikasema ndiyo. Akarudia tena kwamba mtandao unakatika. Nikaanza kuisali Salamu Maria, nikasahau katikati, na kando yangu nikamsikia na yeye ananong'ona ya kwao.

"Kama limetokea," nikamwambia, "mimi na wewe..."

"Najua," akasema. "Usilimalizie."

Ilikuwa dakika ishirini na sita. Simu yangu ikaita, jina la baba juu yake. Niliogopa kuipokea. Niliogopa nitasikia sauti ya mtu mwingine, msamaria mwema, anayeuliza mimi ni nani wa marehemu.

"Haloo?"

"Ritha." Ilikuwa sauti ya baba, lakini imezeeka tangu asubuhi. Nyuma yake malori yalikuwa yanapita.

"Baba, mko wapi?"

"Pembeni ya barabara. Kuna lori limetuzibia njia, taa zote zinawaka, nikadhani majambazi. Hillary akapunguza, akaanza kumtukana mtu. Alipokata usukani atoke pembeni, tairi la kushoto likalala. Tairi lote, mwanangu, likalala kama ng'ombe. Tulikuwa tunatambaa. Dakika moja kabla yake... Hillary amekaa kwenye jiwe. Hasemi na mimi, na mimi sisemi naye."

Nililia bila sauti, nikamwonyesha Nassibu kwa kichwa kwamba wako hai. Fikirini akakaa kwenye benchi lake.

"Huyu dereva amenisomea kitu kwenye simu yake," baba akaendelea. "Amenisomea mara mbili. Aliyekiandika yuko hapo?"

"Yuko, baba."

"Mpe simu."

Nassibu aliifuta mikono yake kwenye suruali kwanza. Akaipokea simu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama vile mzee yuko mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

Niliweka sikio langu karibu na lake. Lori likapita, jingine likapita. Nilimwona baba kwa macho ya moyo, amesimama kwenye majani makavu pembeni ya gari lililolala, anainua miwani, anaifuta, anaivaa.

"Marahaba," baba akasema.